Nani Aliulizwa? Rekodi za Kupima Mtazamo wa Watu Kuhusu Akili Unde, Zikisomwa Kutoka Kisii na Nyamira

Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilitajwa kuwa ya kwanza duniani kwa matumizi ya ChatGPT. Mwaka huo huo ikawekwa mkiani katika orodha nyingine: ile ya nchi ambazo wananchi wake wamesikia mengi kuhusu akili unde. Nchi moja, mwaka mmoja, kileleni na mkiani kwa pamoja.

Anayetaka kulifumbua fumbo hili afunge safari hadi milima ya Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira. Huko watu ni wengi na mashamba ni madogo, lakini sauti zao huwa chache mno katika utafiti wa kitaifa. Tumezikusanya hapa rekodi za kupima mtazamo wa watu kuhusu mashine zinazofikiri, na kila moja tumeiuliza swali lile lile: nani aliulizwa?

Utafiti mpana kuliko zote hapa

Rekodi ya upana tunaipa World Risk Poll, utafiti wa wakfu wa Lloyd's Register Foundation uliofanywa na kampuni ya Gallup mwaka 2019. Watu 154,195 katika nchi 142 walihojiwa, na miongoni mwa maswali lilikuwamo hili: je, katika miaka 20 ijayo akili unde itawasaidia zaidi watu au itawadhuru? Asilimia 41 walisema itasaidia, asilimia 30 wakasema itadhuru.

Upana huo una bei yake. Ukigawanya watu hao kwa nchi hizo, wastani ni kama watu 1,100 kwa nchi. Idadi hiyo inatosha kuisemea nchi nzima. Haitoshi kuisemea kaunti, sembuse tarafa au kijiji.

Kenya kileleni: asilimia 42.1

Ripoti ya DataReportal ya Julai 2025 ilionyesha kwamba asilimia 42.1 ya watumiaji wa intaneti nchini Kenya, wenye umri wa miaka 16 na zaidi, walikuwa wametumia ChatGPT katika mwezi uliotangulia. Falme za Kiarabu zilifuata kwa asilimia 42.0, kisha Israeli kwa asilimia 41.4. Hizi ni nchi tajiri, na Kenya ikazipita kwa unywele.

Haikuwa mara ya kwanza Kenya kuonekana mbele. Mwishoni mwa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwahoji watu 23,882 katika nchi 21. Miongoni mwa Wakenya waliojibu, asilimia 27 walisema hutumia ChatGPT kila siku, nyuma ya India na Pakistan tu. Wengi waliipokea habari hiyo kana kwamba ni asilimia 27 ya Wakenya wote. Sivyo. Dodoso lilijazwa mtandaoni, na ambaye hayuko mtandaoni hakuwa na njia ya kulijaza.

Kenya mkiani: asilimia 12

Taasisi ya Pew Research Center ilifanya utafiti katika nchi 25 mwanzoni mwa 2025. Iliuliza: umesikia au kusoma kiasi gani kuhusu akili unde? Katika nchi kama Japani, Ujerumani, Ufaransa na Marekani, karibu nusu ya watu wazima walisema wamesikia mengi. India ilipata asilimia 14. Kenya ilipata asilimia 12.

Kipi basi ni kweli? Vyote viwili. Asilimia 42.1 ni sehemu ya walio mtandaoni. Asilimia 12 ni sehemu ya watu wazima wote, akiwemo yule ambaye mtafiti alimkuta nyumbani kwake akichambua mboga. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nusu ya watu wazima wako mtandaoni. Asilimia 42.1 ya nusu hiyo ni kama asilimia 21 ya watu wazima wote. Hapo pengo limeshapungua nusu na zaidi bila mtu yeyote kudanganya. Isitoshe, kutumia kitu na kusikia mengi kukihusu ni mambo mawili tofauti. Mwanafunzi anaweza kuandikiwa insha na ChatGPT usiku kucha, asubuhi aulizwe kuhusu akili unde na aseme amesikia kidogo tu.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa makala haya. Rekodi nyingi zinazotajwa kwa kishindo hutegemea nani aliulizwa, na kwa namna gani.

Hesabu kubwa kuliko zote milimani

Hakuna aliyewahi kuuliza maswali kwenye nyumba nyingi zaidi huko Gusii kuliko Shirika la Takwimu la Taifa katika sensa ya Agosti 2019, ambayo ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa tableti badala ya karatasi. Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Msongamano wa Kisii ulikuwa watu 958 kwa kilomita moja ya mraba, wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Vihiga. Nyamira ilikuwa na watu 675.

Sensa hiyo haikuuliza maoni, lakini ilitoa takwimu ambayo kila mpimaji wa maoni anapaswa kuibandika ukutani. Nchini kote, asilimia 47.3 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu ya mkononi, na ni asilimia 22.6 tu waliotumia intaneti. Miaka imepita na idadi imepanda. Hata hivyo, aliyekuwa nje ya mtandao wakati huo hakuwa mtu wa pembeni. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wengi.

Takwimu nyingine ya sensa hiyo: waliojitambulisha kuwa Wakisii walikuwa 2,703,235, kabila la saba kwa ukubwa. Hata kama kila mkazi wa kaunti hizi mbili angekuwa Mkisii, zaidi ya watu 830,000 wa jamii hiyo wangekuwa wanaishi kwingine, kuanzia mashamba ya chai ya Kericho hadi mitaa ya Nairobi. Kwa hiyo mtazamo wa Wakisii na mtazamo wa Kisii si kitu kimoja.

Sampuli ndogo kuliko zote

Tuichukue kalamu. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, huwahoji Wakenya 2,400 katika awamu zake za karibuni, ikishirikiana na Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mahojiano ni ya ana kwa ana, na mhojiwa huchagua lugha. Kwa idadi hiyo, makadirio ya taifa hukosea kwa takriban pointi mbili juu au chini.

Sasa zigawe nafasi 2,400 kwa uwiano wa watu wa sensa. Kisii inapata kama 64. Nyamira inapata kama 31. Kwa kuwa wahojiwa huchukuliwa wanane wanane katika kila eneo, Kisii nzima ni maeneo manane na Nyamira nzima ni manne. Sehemu za Kisii kama Etago, Marani, Ogembo, Suneka, Nyamache, Kenyenya na Masimba hazitafikiwa zote: nyingine zitaangukiwa na kura, nyingine hazitaonwa kabisa.

Watu 64 wakisema asilimia 50 wanaihofia akili unde, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 38 na 62. Kwa watu 31 wa Nyamira, ni kati ya 32 na 68. Aliyeandika kwamba Nyamira inaogopa kuliko Kisii kwa sababu ya tofauti ya pointi kumi ameandika hewa.

Wakulima wa chai wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Karani wa kituo cha kununulia majani hachungulii kila jani. Anachota konzi kutoka kwenye kikapu na kutazama kama ni majani mawili na kichipukizi. Konzi hiyo inaweza kukihukumu kikapu kile kimoja. Haiwezi kuhukumu shamba la jirani, wala shamba la ng'ambo ya mto.

Mahojiano yanayochukua jasho jingi zaidi

Kuhoji mtandaoni kunahitaji kiungo na vocha ya data. Kuhoji milimani kunahitaji miguu. Mhojaji huanzia mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha huhesabu nyumba kwa utaratibu aliopewa, bila ruhusa ya kuchagua nyumba yenye geti zuri au isiyo na mbwa. Akishaingia, hawezi kumhoji yeyote aliyemkuta. Watu wazima wote wa nyumba huorodheshwa na mmoja huchaguliwa kwa bahati nasibu. Akiwa amekwenda kuchuma chai, husubiriwa au hurudiwa.

Hapa ndipo lugha inapoamua mambo. Kijana anayeanza kwa "Bwakire", salamu ya Ekegusii, lugha ya Wakisii, huvutiwa kiti. Anayeanza kwa Kiingereza cha ofisini hudhaniwa ametumwa na benki. Tena swali lenyewe likishatua sebuleni hubadilika. Muulize mama mkulima, "Una maoni gani kuhusu akili unde?" naye atakuambia kwa heshima kwamba mambo hayo waulizwe watoto waliosoma. Muulize badala yake kama kiwango chake cha mkopo wa simu wa Fuliza kimewahi kushuka, na kama kuna mtu aliyemweleza sababu, utapata maoni ya nusu saa.

Mikopo ya simu kama M-Shwari, iliyoanza 2012, na Fuliza, iliyoanza 2019, huamuliwa na hesabu za kompyuta zinazopima mwenendo wa mteja. Mama huyu amekuwa akihukumiwa na mashine kwa miaka kadhaa, na amekwisha jenga msimamo kuihusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa hata kinga dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Lakini dodoso linalouliza kama amesikia mengi kuhusu akili unde litamwandika chini ya "sijasikia" na kuendelea na safari.

Utafiti mkongwe kuliko zote hapa

Kuna wanaodhani Gusii ni mgeni wa madodoso. La hasha. Kati ya 1955 na 1957, Robert LeVine na Barbara LeVine waliishi miongoni mwa Wagusii, wakiwahoji akina mama na kutazama watoto wanavyolelewa. Kazi yao ilikuwa sehemu ya utafiti wa jamii sita duniani, nyingine zikiwa Ufilipino, Okinawa, India, Meksiko na Marekani. Gusii ndiyo iliyokuwa jamii pekee ya Afrika. Kitabu chao, *Nyansongo: A Gusii Community in Kenya*, kilitoka 1966. LeVine alirudi tena katika miaka ya 1970 kuchunguza malezi ya watoto wachanga.

Somo la utafiti huo halijazeeka: walikaa miezi mingi mahali pamoja kabla ya kuandika. Leo mtu anapimiwa mtazamo wake kwa dakika tano, kwa kubofya nyota.

Mji mgumu zaidi kuuweka kwenye safu

Ni Keroka. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita hapo hapo mjini, na serikali za kaunti zimevutana kwa miaka juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Mhojiwa wa Keroka anaweza kuishi kaunti moja, kuuza ndizi katika nyingine, na kuandikwa kokote kulingana na mguu aliosimamia.

Tatizo hilo hukua ukipanda ngazi. Tafiti nyingi za kitaifa hutangaza matokeo kwa maeneo ya zamani ya mikoa, na Kisii na Nyamira huingizwa kwenye Nyanza pamoja na Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kwa sensa ya 2019, kaunti zetu mbili zilikuwa na watu kama watatu kati ya kila kumi wa Nyanza. Ukisikia "Nyanza inasema", basi ujue saba kati ya kumi wanaosema wako nje ya Gusii.

Wenye hofu nyingi, na wenye hofu kidogo

Katika utafiti ule wa Pew wa 2025, Marekani na Italia ziliongoza kwa wasiwasi: nusu ya watu wazima walisema wana hofu zaidi kuliko shauku. Korea Kusini ilikuwa ya chini kabisa kwa asilimia 16. Hakuna nchi hata moja kati ya 25 ambako wenye shauku tupu walizidi watatu kati ya kumi.

Utafiti wa Ipsos wa 2024 ulichora picha nyingine. Uchina, asilimia 83 walisema bidhaa za akili unde zina faida kuliko hasara. Uholanzi, asilimia 36 tu. Katika orodha hiyo ya nchi 32, Afrika Kusini ndiyo pekee iliyosimama kwa niaba ya nchi zote za kusini mwa Sahara.

Maoni makali zaidi yaliyotolewa bila dodoso

Mei 2023, waandamanaji wa Kericho waliteketeza kwa moto mashine za kuchuma chai. Jopokazi la kaunti hiyo lilikuwa limekadiria kwamba ajira 30,000 zilipotea kwa mashine katika mwongo mmoja. Kericho inapakana na Nyamira, na vijana wa Gusii wamekuwa wakivuka mpaka huo kutafuta kibarua tangu enzi za mkoloni. Upande wa Gusii wenyewe, chai ya viwanda kama Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyamache na Kiamokama hutoka kwa wakulima wadogo, na mkono ungali ndio mashine kuu. Mashine zile hazikuwa akili unde. Lakini anayetaka kujua watu wa huku wataipokeaje akili unde aanze na swali walilokwisha kulijibu: mashine ikija, nani atabaki na kazi?

Miezi miwili baadaye Nairobi ilitoa jibu lililoonekana kuwa kinyume. Maelfu walipanga foleni katika jumba la mikutano la KICC ili wapigwe picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Je, foleni ile ilikuwa imani katika teknolojia? Ilikuwa shilingi 7,000. Foleni si maoni, na idadi ya watumiaji si idadi ya waumini.

Sheria ngumu zaidi, ya kura tu

Kenya ina sheria inayowabana wapimaji wa maoni. Ni ya 2012, na inahusu kura za maoni ya uchaguzi. Anayechapisha sharti aseme nani alilipia, watu wangapi walihojiwa, lini, kwa maswali gani, na kosa la makadirio ni kiasi gani. Tena haruhusiwi kuchapisha katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi.

Utafiti kuhusu akili unde uko nje ya uzio huo. Kampuni inayouza programu inaweza kulipia utafiti unaosema Wakenya wanaipenda programu hiyo, ikatoa asilimia moja nzuri na kunyamaza kuhusu mengine. Nao Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, utahitaji takwimu za aina hii.

Rekodi inayosubiri mwenyewe

Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 2022 ulilenga nyumba 42,300, wastani wa nyumba 900 kwa kila kaunti, ndiyo maana leo tunaweza kuzungumzia chanjo za Nyamira bila kukisia. Kwa maoni kuhusu akili unde hata hazihitajiki nyumba 900. Watu 400 waliochaguliwa vizuri Kisii, na 400 Nyamira, wakiulizwa kwa Ekegusii majumbani mwao, hutoa majibu yenye kosa la pointi tano tu. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake 2013, na wahojaji wake wanaijua lugha na njia za milimani.

Hadi hapo, msomaji, ukikutana na kichwa cha habari kwamba Kenya inaongoza au inaburuta mkia, kidai mambo manne kabla hujakisambaza: nani alilipia, nani aliulizwa, kwa lugha gani, na wangapi walitoka kwenu. Kikikosa hata moja, usikisambaze.